Barabara ya kuingia nyumbani isiyozama kila mvua: mwongozo kamili wa maji, mitaro na mawe

Swali ni lile lile kila mvua zikianza: nimemwaga kokoto, nimelipa na greda, na bado gari linakwama kabla sijafika getini, sasa ninunue kokoto gani? Mtu akishatajiwa aina ya kokoto anaenda kununua, anamwaga juu ya tope lile lile, msimu unaofuata anarudi anauliza tena. Kokoto zake hazijaenda popote jamani, ziko pale pale chini, zimemezwa na udongo.

Kwa hiyo hapa tunaanza na maji, mawe yanakuja baadaye. Udongo mkavu ulioshindiliwa vizuri unabeba gari bila shida yoyote, ila udongo huo huo ukilowa mpaka ndani tairi likipita linasukuma mawe chini na tope linapanda juu, gari la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, mpaka unabaki na tope lenye mawe ndani yake. Ukishayatoa maji utashangaa mawe kidogo tu yanavyotosha.

Mwongozo huu ni wa barabara ya gari moja, upana wa mita 3 hadi 3.5, ya kutoka barabara kubwa mpaka nyumbani, inayopita magari madogo kila siku na lori mara moja moja. Kama utapitisha malori mazito kila siku tafuta injinia akupimie udongo, usitegemee maandishi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya kupimia: vigingi, uzi wa ujenzi, tepu ndefu, pima maji, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani kwa ajili ya kuchukulia levo. Huo mpira usiudharau, kwa umbali mrefu unakupa levo ya uhakika kuliko pima maji fupi.

Vya kuchimbia na kushindilia: majembe, sururu, machepe, reki, toroli, na rola au kompakta ya kukodi. Kushindilia kwa miguu au kwa kupitisha gari lako mara kadhaa hakutoshi, gari linabana pale tairi linapopita tu, na ndo unakuwa umejitengenezea mifereji miwili ya maji kabla hata mvua haijaja.

Vya kujengea:

- mawe ya kuvunjwa ya milimita 50 hadi 75 kwa tabaka la chini
- kokoto mchanganyiko za kuanzia milimita 20 kushuka mpaka vumbi lake, au moramu nzuri, kwa tabaka la juu
- kitambaa cha jiotekstaili (kinapitisha maji ila kinazuia tope) kama udongo wako ni wa mfinyanzi au pana unyevu
- bomba la kalavati, la zege au la plastiki nene lenye mikunjo, kama kuna mahali maji yanakatiza
- mawe makubwa ya mkono kwa ajili ya mitaro na midomo ya kalavati
- saruji, mchanga na kokoto safi kama una kipande chenye mlima mkali

Hesabu ya mawe ifanye hivi: urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita, halafu ongeza robo kwa sababu mawe yakishindiliwa yanapungua. Mfano barabara ya mita 50 kwa 3 na tabaka la sentimita 15, yaani 50 × 3 × 0.15, ni mita za ujazo 22.5, ukiongeza robo unaagiza kama 28. Na usiagize kwa tripu bila kupima bodi ya lori. Pima urefu, upana na kina cha bodi mwenyewe, maana "tripu" ya huyu na "tripu" ya yule hazilingani hata kidogo.

## Hatua ya 1: Tembea barabara yako wakati mvua inanyesha

Vaa mabuti, chukua mwavuli na vigingi, toka nje mvua ikiwa imekolea. Angalia maji yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi, yanasimama wapi. Kila unapoona yanakatiza njia piga kigingi, kila yanaposimama piga kigingi kingine. Mvua ikiisha subiri kidogo uone sehemu ipi inakauka mwisho, hapo ndo pagonjwa kuliko kote.

Angalia na maji yasiyo ya barabara. Mara nyingi nusu ya tatizo ni maji ya bati la nyumba yanayomwagwa uani na kuteremkia njiani, au maji ya shamba la juu. Maji ya bati yawekee gata na uyapeleke kwenye tenki au mtaro wake mbali na njia, ni kazi ndogo na inaokoa mawe mengi sana.

Kama hamna mvua, soma alama: takataka zilizokwama kwenye majani, mchanga mwembamba uliotandazwa, vijifereji, nyasi za majimaji zilizoota sehemu moja tu.

Umefanikiwa hapa kama unaweza kuchora kwenye karatasi mishale ya maji yote na ukaonyesha kila mshale unaishia wapi. Kama kuna mshale hujui unaishia wapi usiende hatua inayofuata.

Tahadhari mbili. Maji yako usiyaelekeze kwa jirani, kwenye nyumba ya mtu wala kisimani, yaelekeze kwenye mkondo wa asili au eneo lako lenye majani mengi yanayoweza kuyanywa. Na pale unapoungana na barabara ya umma ulizia kwa wenye mamlaka ya barabara hiyo kabla ya kuchimba, mtaro wao hauruhusiwi kuzibwa, na mara nyingi wana ukubwa wa kalavati wanaoutaka wao.

## Hatua ya 2: Ujue udongo wako

Chimba mashimo matatu manne kwenye mstari wa barabara, kina cha kama nusu mita. Ukivuka majani na udongo mweusi wa juu wenye mizizi, chukua udongo wa chini, uloweshe kidogo, uviringishe mkononi uwe kijiti chembamba. Ukikatika katika kila ukijaribu, ni wa kichanga, una bahati. Ukitengeneza kijiti kirefu kinachokunjika bila kuvunjika, ni mfinyanzi, na huo ndo wa kuupangia.

Kipimo kingine ni cha chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, iache itulie mpaka kesho. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kumaliza siku nzima bado maji yana ukungu. Utaona matabaka kabisa na utajua kipi kimezidi.

Udongo mweusi unaopasuka nyufa kubwa kiangazi ni habari nyingine kabisa. Unavimba ukilowa, unasinyaa ukikauka, na kila kilicho juu yake kinacheza nao. Kwenye udongo huu usichimbe barabara ikawa chini kuliko ardhi ya pembeni, hapo umetengeneza bwawa. Inyanyue barabara juu ya ardhi kwa udongo mzuri wa kuleta, weka kitambaa, ongeza unene wa mawe. Wengine wanachanganya chokaa, na kwenye mfinyanzi inasaidia kweli, ila iwe ile ya ujenzi iliyochomwa, ile ya kuweka shambani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haibadilishi udongo. Na vaa miwani na glavu, inaunguza macho na ngozi.

## Hatua ya 3: Piga mistari na uchukue levo

Vuta uzi pande zote mbili. Upana mita 3 unatosha panaponyooka, kwenye kona ongeza nusu mita au zaidi, lori huwa linakata kona kwa tairi za nyuma na likikosa nafasi linavunja ukingo wa mtaro wako.

Epuka kupita juu ya shimo la choo na mifereji yake ya chini, na ujue mabomba ya maji na nyaya za umeme zilizofukiwa ziko wapi kabla sururu haijazitafuta.

Mwinuko upime hivi: chukua levo ya sehemu mbili zilizoachana mita 10, tofauti ya kimo kwa sentimita igawe kwa 10, unapata asilimia. Tofauti ya sentimita 80 ni asilimia 8. Andika kila kipande kina asilimia ngapi kwa sababu ndo itaamua matumizi ya mawe:

- chini ya asilimia 2: hatari ni maji kusimama, barabara lazima inyanyuliwe
- 2 mpaka 8: eneo zuri, mawe ya kawaida yanakaa
- 8 mpaka 12: mawe yanaanza kukimbia, maji yakatwe mara kwa mara
- kupita 12: kokoto peke yake usipoteze hela, fikiria zege

Hizo namba siyo ukuta, udongo na mvua za kwako zinaweza kuzisogeza kidogo, lakini kipande cha asilimia 15 kilichomwagwa kokoto tupu sijawahi kukiona kinadumu.

## Hatua ya 4: Chimba mitaro kabla ya kitu kingine

Hapa ndo watu wengi wanakosea mpangilio, mtaro wanauacha mwisho, na mwisho hela imeisha.

Kama ardhi inainamia upande mmoja chimba mtaro upande wa juu, huo ndo unapokea maji yanayokuja. Kama ni tambarare chimba pande zote mbili, na udongo mzuri unaoutoa (siyo wenye mizizi) utumie kunyanyulia barabara.

Kina chake: kitako cha mtaro kiwe chini ya tabaka la mawe kwa sentimita 20 hadi 30. Sababu yake ni kwamba mtaro hauzuii maji ya juu tu, unakausha na udongo ulio chini ya mawe. Mtaro wa kina kifupi unapitisha maji sawa sawa na tumbo la barabara yako, yanapenya ndani kwa pembeni wala huyaoni, unashangaa tu njia imelainika wakati juu pakavu.

Kuta zake zilaze, kila sentimita 1 ya kushuka iende sentimita 2 pembeni. Kuta zilizosimama wima zinaporomoka mvua ya kwanza. Mtaro wenyewe uteremke walau sentimita 1 kwa kila mita, ukiwa chini ya hapo matope yanatua na kuuziba.

Ukizidi asilimia 5 hivi maji yanapata kasi ya kuchimba, kwa hiyo tandika mawe ya mkono chini au jenga vizuizi vidogo vya mawe kukatiza mtaro. Vizuizi vina siri mbili. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite juu katikati, la sivyo yatazunguka na kula ukuta wa mtaro. Na kichwa cha kizuizi cha chini kiwe levo moja na mguu wa kile cha juu yake, hapo maji yanashuka kwa ngazi ngazi badala ya kukimbia.

Halafu utoe maji nje ya mtaro mapema. Kila baada ya mita 20 hadi 40, mlima ukizidi ndo zinakaribiana, chepusha mtaro uende kwenye majani mbali na barabara. Mtaro unaobeba maji ya mita 200 mpaka chini bila kuyatoa unakuwa korongo, na korongo linatanuka kuelekea barabarani.

Umefanikiwa kama ukimwaga ndoo ya maji kichwani mwa mtaro yanatembea yenyewe mpaka mwisho bila kusimama popote.

## Hatua ya 5: Kalavati pale maji yanapokatiza

Kalavati inakaa pale maji yenyewe yalipochagua, siyo pale ambapo kwako ni rahisi kuchimba. Ukiisogeza mita 5 kwa sababu hapo udongo ni laini, maji yataendelea kupita pale pale ya zamani.

Ukubwa usishuke chini ya milimita 300 hata kama maji ni kidogo, na mimi nashauri 450, kwa sababu bomba dogo likiziba na majani hakuna namna ya kulisafisha ila kulifukua. Kama alama za mafuriko zinaonyesha maji mengi zaidi nenda 600 au weka mawili.

Lilaze kwenye kitanda cha mchanga au kokoto laini kilichoshindiliwa, literemke sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita. Urefu uzidi upana wa barabara, mdomo utokeze nje ya ukingo, ukilikata sawa na barabara kingo zitamomonyoka na kuziba mdomo.

Kufukia sasa, hapa tulia. Udongo uingie kwanza chini ya mbavu za bomba kushoto na kulia, unasukumwa kwa mti na kushindiliwa, tabaka la sentimita 15 upande huu, 15 upande ule, ukiinuka pande zote sawa. Ukijaza upande mmoja kwanza bomba linasogea, na la plastiki linaweza kubonyea kabisa. Juu yake ubaki udongo na mawe ya walau sentimita 30 vilivyoshindiliwa kabla gari halijapita.

Midomo yote miwili ijengee ukuta mdogo wa mawe na pale maji yanapotokea tandaza mawe makubwa mita moja mbili, bila hivyo maji yakidondoka yanachimba shimo, shimo linarudi nyuma chini ya bomba, siku moja bomba linakatika.

## Hatua ya 6: Andaa udongo wa chini

Toa majani, mizizi na udongo mweusi wa juu wote. Vitu vinavyooza vikibaki chini vitaacha matundu. Sehemu zenye tope fukua mpaka ufike pagumu, jaza mawe au udongo mzuri, shindilia. Tope halikauki kwa kufunikwa.

Muda mzuri wa kazi hii ni mvua zikiwa zimeisha karibuni, udongo una unyevu bado ila haumwagi maji. Kipimo ni ngumi: finyanga udongo kiganjani, ukifungua mkono ubaki donge, ukiligonga livunjike vipande vichache, na kiganja kisiwe na maji. Ukimwagika vumbi ni mkavu mno, nyunyiza maji. Ukikuachia kiganja kinang'aa maji, subiri siku mbili tatu.

Mgongo wa barabara uanzie hapa hapa kwenye udongo, siyo kwenye mawe ya juu. Katikati pawe juu, na kila mita 1 kuelekea pembeni ishuke sentimita 4 hadi 6. Kwa barabara ya mita 3 katikati panazidi kingo kwa sentimita 6 mpaka 9. Watu wanaona ni kidogo wakiambiwa na ni kingi wakikiona, fundi atataka kukipunguza, usikubali. Ukifanya udongo tambarare halafu mgongo uwe wa kokoto tu, maji yakipenya kokoto yanasimama juu ya udongo na hayana pa kwenda.

Mpitishe mtu na lori lenye mzigo taratibu juu ya udongo ulioshindiliwa. Likiacha alama hafifu tu endelea. Udongo ukipanda na kushuka tairi linapopita, hapo chini kuna tope limefichwa, fukua.

## Hatua ya 7: Kitambaa kama udongo ni laini

Jiotekstaili inapitisha maji ila inazuia tope lisipande na mawe yasishuke. Kwenye mfinyanzi usiiache, kwenye kichanga kigumu unaweza kuiruka na hela ukaiweka kwenye mawe.

Usitumie nailoni wala maturubai badala yake, vinazuia maji na unarudi kwenye bwawa. Vipande vipishane sentimita 30, kwenye udongo laini sana 60 au zaidi. Gari lisipite moja kwa moja juu ya kitambaa, lori limwage mawe mwanzoni na mawe yasukumwe mbele, gari litembee juu ya mawe yaliyokwisha kutandazwa.

## Hatua ya 8: Tabaka la chini, mawe makubwa

Hapa sheria ni moja: mawe yawe ya kuvunjwa, yenye kona. Mawe ya mtoni ya mviringo ni mazuri kwa macho ila hayashikani, ukiyabana yanateleza na tairi likipita yanakimbia kama gololi. Mawe yenye kona yanaumana.

Unene sentimita 10 hadi 15 kwenye udongo mgumu, 20 hadi 30 kwenye mfinyanzi. Jiwe kubwa kuliko yote lisizidi kama nusu ya unene wa tabaka. Tandaza kwa awamu za sentimita 15 na kila moja ishindiliwe peke yake, kompakta ndogo nguvu zake haziendi chini zaidi ya hapo, ukimwaga 30 kwa mpigo unabana ngozi ya juu tu.

Shindilia ukianzia ukingoni kuja katikati, hivyo mawe hayasukumwi kwenda mtaroni.

Mabaki ya zege lililovunjwa unaweza kutumia hapa bila nondo zinazochomoza. Matofali ya kuchoma yasiyoiva vizuri hapana, yakilowa yanakuwa unga. Plasta, mbao na takataka za ujenzi hapana kabisa.

Umefanikiwa ukitembea juu yake na hakuna jiwe linalocheza chini ya kisigino.

## Hatua ya 9: Tabaka la juu

Kosa kubwa la tabaka la juu ni kununua kokoto safi zilizochekechwa, zote saizi moja. Zinapendeza siku ya kwanza, lakini kati yake kuna matupu, hakuna cha kuzishika, baada ya mwezi ziko kwenye majani pembeni. Unachotaka ni mchanganyiko: milimita 20, 10, 5, mpaka vumbi. Vidogo vinajaza nafasi za vikubwa na ukishindilia panakuwa pagumu kweli.

Moramu inafaa sana pia ikiwa na mfinyanzi kidogo wa kugandisha. Mfinyanzi ukizidi, mvua ikinyesha panateleza. Ukipungua, kiangazi panavumbuka na kukunjika mikunjo mikunjo. Kabla ya kununua lowesha kidogo ufinyange donge, liache likauke juani. Donge zuri ni gumu kuvunja kwa vidole na ukilivunja ndani limejaa changarawe. Likivunjika lenyewe halina cha kugandisha, na likiwa gumu ila laini ndani halina mawe, huo ni udongo unauziwa.

Unene sentimita 8 hadi 10 baada ya kushindilia, ukiwa na unyevu ule ule wa kipimo cha ngumi, na mgongo ule ule wa sentimita 4 hadi 6 kwa mita. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.5, uweke pima maji juu yake, ncha moja katikati ya barabara, nyingine inyanyue ukingoni mpaka iwe levo, pima uwazi wa chini: uwe kati ya sentimita 6 na 9. Fanya hivyo kila mita 5, siyo mara moja tu mbele ya fundi.

Oili chafu ya gari kwa ajili ya vumbi tafadhali msimwage. Inakwenda na maji mpaka kisimani.

## Hatua ya 10: Kipande chenye mlima

Kwenye mlima mgongo peke yake hautoshi, maji yanafuata alama za tairi kushuka badala ya kwenda pembeni. Kwa hiyo weka matuta mapana ya kulalia, yanakatiza barabara kwa mshazari, yanakamata maji na kuyatupa pembeni. Kwa mlima wa asilimia 5 moja kila mita 40 hivi, asilimia 10 kila mita 25, asilimia 15 kila mita 18. Yawe marefu na ya kulala, mita kadhaa za kupanda na kushuka, ili gari la chini lisikwangue. Na mwisho wa kila tuta pawe na mawe pale maji yanapomwagikia.

Kupita asilimia 12 jenga reli mbili za zege, za kupitisha tairi tu, ni nusu ya gharama ya kumwaga zege lote. Kila reli upana sentimita 60, katikati ya reli moja mpaka katikati ya nyingine mita 1.5, unene sentimita 12 hadi 15, juu ya tabaka la mawe lililoshindiliwa, siyo juu ya udongo. Mchanganyiko ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 3 za kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na kama mchanga umelowa punguza zaidi. Zege la majimaji linamwagika kirahisi ndo maana mafundi wanalipenda, ila linapasuka na uso wake unachunika.

Weka kiungo, yaani mkato wa makusudi unaokatiza zege, kila mita 3, la sivyo zege litachagua lenyewe pa kupasukia. Uso ukwangue kwa ufagio mgumu kukatiza njia, tairi lipate pa kushika. Limwagilie na kulifunika siku 7, gari dogo lipite baada ya hapo, lori lisubiri siku 28.

Katikati ya reli pasiachwe udongo mtupu, maji yatafanya mfereji wao na kuchimba chini ya zege. Panga mawe, na kila mita 3 hadi 5 weka kizuizi cha zege kinachounganisha reli mbili, kilale mshazari kitoe maji nje.

## Hatua ya 11: Jaribu kabla fundi hajalipwa yote

Leta maji, pipa au mpira, mwaga katikati ya barabara sehemu kadhaa, hasa pale ulipopiga vigingi mwanzoni. Maji yaende pembeni kwa njia fupi, yaingie mtaroni, yatembee. Yakikimbia kwa urefu wa barabara mgongo hautoshi. Yakisimama pana bonde, rekebisha sasa hivi kompakta ikiwa bado ipo, keshokutwa utaikodi upya.

## Kuitunza

Adui anayesahaulika ni majani ya pembeni. Yanaota ukingoni, yanakamata vumbi na kokoto, taratibu kinainuka kijiukuta cha sentimita kadhaa kila upande, na maji yaliyokuwa yanatoka yanabaki barabarani. Barabara inaonekana imechakaa, kumbe imezibwa tu. Kila mwaka kabla ya mvua kwangua huo ukingo mpaka maji yaone mtaro, safisha kalavati, toa mchanga nyuma ya vizuizi.

Shimo likitokea usilijaze kokoto maji yakiwa ndani. Toa maji, likate kingo zake wima mpaka kwenye kitako chake, tia mchanganyiko ule ule wa tabaka la juu ukiwa na unyevu, shindilia, malizia juu kidogo kuliko pembeni. Na uangalie kwa nini limetokea hapo, mara nyingi ni mgongo umebonyea.

Mikunjo mikunjo haiondoki kwa kumwagia kokoto juu, itajirudia ndani ya wiki chache. Ichimbue mpaka chini ya bonde la mikunjo, lowesha, changanya, shindilia upya.

Na tabaka la juu likibaki jembamba, ukaanza kuona vichwa vya mawe makubwa, ongeza sentimita 3 hadi 5 za mchanganyiko, lakini kwanza kwaruza uso wa zamani kwa reki ya chuma na uuloweshe ndo umwage, mpya ishikane na ya zamani.